Mchuzi wa Darakasi

Kambini, Mombasa
14 Februari 1993

Kwa mama mdogo Mwanasiti,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, na tunaomba wewe na baba mdogo Mahmoud muwe wazima huko Uholanzi. Mdogo wangu Abdirahim ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa akicheka huziba mdomo kwa mkono kama bi harusi. Bibi magoti yanamsumbua, anasali ameketi. Foleni ya maji kambini ni ndefu sana siku hizi. Mimi huenda na daftari langu nikasoma nimekaa juu ya dumu, na wanawake wamenipa jina, wananiita Daktari wa Dumu. Sijui kama wananisifu au wananicheka. Nadhani wananicheka.

Shule inaendelea. Tunafundishwa kwa Kiingereza, na mimi sayansi nimeianza kwa Kisomali kule Kismayo, kwa hiyo kila neno nalitafuta mara mbili. Mwalimu Khamis, wa Bayolojia na Kemia, hututolea hadithi za watu wa zamani waliovumbua mambo. Wiki hii alieleza jinsi watu walivyoamini kwamba vijidudu huzuka vyenyewe ndani ya chakula, mpaka Mfaransa mmoja akachemsha mchuzi ndani ya chupa yenye shingo iliyopinda, ukakaa siku nyingi bila kuoza, kwa sababu vijidudu vya hewani havikuweza kuufikia. Darasa zima liliipenda hadithi hiyo. Mimi nilikuwa naijua tangu Kismayo.

Fomu ulizotuma zimefika, asante sana. Nimeona jina langu na la Abdirahim. Nimeigeuza karatasi mbele na nyuma nikidhani kuna ukurasa uliobanduka, maana jina la Bibi silioni. Pengine ofisi ya huko ina utaratibu wake ambao mimi siujui. Naomba unielekeze nimwambieje akiniuliza. Hajaniuliza.

Mwanao,
Khairat


Rotterdam
20 Machi 1993

Mwanangu Khairat,

Barua yako nimeipata. Sisi wazima. Mahmoud anasoma lugha ya hapa na anaitema kama mtu aliyekwamwa na mwiba kooni. Mimi nimepata kazi ya kusafisha samaki. Fikiria, Mbajuni kulipwa kwa kusafisha samaki. Msimamizi alinionyesha namna ya kushika kisu, nikamwacha amalize. Samaki wenyewe wamekufa siku tano kabla sijawaona, na nikisema wananuka wananiambia ndio wabichi hao.

Usiache shule kwa jambo lolote. Marehemu dada yangu alipokuacha mikononi mwangu ulikuwa hujui hata kuvaa viatu, na sasa unasoma Kemia. Visiwa vyetu vyote, Chula, Kudhaa, kote, hatujawahi kuwa na daktari aliyezaliwa kwetu. Mahmoud anasema daktari huyo utakuwa wewe, na mimi naamini. Kila nikichoka hapa nakukumbuka wewe.

Kuhusu fomu, hakuna ukurasa uliobanduka. Nimeandika majina niliyotaka kuyaandika. Wewe ulikuwepo kisiwani Darakasi tulipokimbilia, unajua. Ni mama yangu aliyetufundisha sote kwamba nyama ya kasa ng'amba hailiwi kabla mkubwa wa nyumba hajaonja ini lake na kulala nalo tumboni mpaka asubuhi, maana kuna ng'amba wenye sumu na hakuna anayeweza kuwajua kwa macho. Alifanya hivyo kwa watoto wa wenzake miaka arubaini. Siku ya mwanangu Salme hakufanya. Nilimuuliza sababu, hakunijibu. Siwezi kukaa naye nyumba moja nikimtazama mikono.

Usiniandikie tena habari hii. Lete picha mbili ndogo, yako na ya Abdirahim, masikio yaonekane.

Mama yako mdogo,
Mwanasiti


Kambini, Mombasa
2 Mei 1993

Kwa mama mdogo Mwanasiti,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mvua imeanza na hema la jirani limeanguka, sasa tunalala watu tisa. Picha nimezitia humu. Abdirahim masikio yake yanaonekana hata bila kuambiwa.

Sikuandika mapema kwa sababu tulikuwa na mitihani. Hapana, nimeandika uongo. Mitihani ilikwisha mwezi wa tatu.

Juzi Mwalimu Khamis alitupeleka maabara. Alimimina maji ya bahari ndani ya bakuli la kauri, akaliweka juu ya moto, akatuambia tutazame tu. Maji yalichemka, yakapungua, yakakauka, na ndani ya bakuli ikabaki chumvi nyeupe. Akauliza, "Moto umeifanya nini chumvi?" Akajibu mwenyewe, "Haukuifanya kitu. Kijidudu kina uhai, na chenye uhai kikipikwa kinakufa. Chumvi haina uhai wa kutolewa. Mnaweza kuchemsha hadi kiyama."

Niliinua mkono. Mimi siinui mkono darasani, hata yeye alishangaa. Nikamuuliza, je, na sumu? Akasema inategemea ni sumu gani, ziko nyingi ambazo ni kama chumvi hii, moto hauziwezi. Nikamuuliza ya ng'amba. Wenzangu wakacheka, mmoja akasema, "Mbajuni ameshaona njaa." Mwalimu hakucheka. Alisema watu wa pwani nyingi duniani wamekufa kwa nyama hiyo, wataalamu wanadhani sumu inatoka kwenye vitu anavyokula mnyama huyo huko baharini, na kuipika hakusaidii.

Nilitoka nje nikakaa nyuma ya choo cha wasichana mpaka kengele ikalia.

Mama mdogo, nilitaka kukuandikia zaidi lakini karatasi

Khairat


Rotterdam
11 Juni 1993

Mwanangu Khairat,

Karatasi imefanya nini? Nimeigeuza nyuma, naona nafasi tele. Baba yako mdogo anasema labda uliitwa ghafla. Mimi nimekulea, najua ukiacha maneno katikati kuna jambo. Kama umefeli, sema. Kama kuna mvulana, sema pia, sitapanda ndege kuja kukupiga.

Tumepokea picha. Karatasi zote zinatakiwa ofisini kabla ya mwisho wa Agosti, baada ya hapo hawapokei. Nimekwisha kusema kwamba wewe ni kama binti yangu wa kumzaa na kwamba shule ndiyo sababu kubwa. Mama mmoja pale ofisini alifurahi mno kusikia unapenda sayansi.

Nilikuambia usiniletee habari za ng'amba, nawe umeniletea ukurasa mzima wa ng'amba. Sikukasirika. Lakini sijalala vizuri tangu niusome.

Mwanasiti


Kambini, Mombasa
30 Juni 1993

Kwa mama mdogo Mwanasiti,

Shikamoo. Abdirahim hajambo. Bibi hajambo. Leo sina habari nyingine za nyumbani, na nikizitafuta nitapata sababu ya kuishia hapo tena.

Bibi alitaka kuonja. Ni mimi niliyemzuia.

Asubuhi ile ulipopanda mtumbwi na baba mdogo kurudi Chula kutazama kama wale watu wenye bunduki wameondoka, tulibaki Darakasi wanne: Bibi, mimi, Abdirahim na Salme. Baba mdogo alikuwa amemkamata ng'amba na kumchinja, akamwachia Bibi nyama. Hiyo ilikuwa siku ya tatu hatujala ila kaa wadogo wa ufukweni. Bibi akakata kipande cha ini akakichoma kwenye kaa la moto. Akatuambia, "Nala mimi, nanyi mwangoja hata kesho. Kesho nikiamka mdomo hauniwaki, mtakula mshibe."

Salme akaanza kulia. Hakulia kwa sauti, alikuwa hana nguvu. Alikuwa anatazama sufuria.

Nikasema, "Bibi, hayo ni mambo ya kizamani."

"Ya kizamani ndiyo yaliyokufikisha wewe hapa," akasema.

Nikamwambia kitabu chetu cha shule kinaeleza kwamba kinachodhuru watu kwenye chakula ni vijidudu, na mchuzi ukichemshwa sana vijidudu vyote hufa. Akaniuliza, "Hicho kitabu kimemwona ng'amba?" Nikasema kimeviona vijidudu, na vijidudu ni vile vile, vya ng'amba na vya ng'ombe. Nilisema kwa sauti ya mwalimu. Najua nilivyosema kwa sababu bado naisikia.

Bibi akacheka. Akasema kwa Kibajuni chetu, "Haya, mwalimu. Mchu akisomeshwa halafu asisikizwe, kasomeshwa ya nini." Akaliweka lile ini chini.

Nilichemsha mimi. Bibi hakugusa mwiko. Nilichemsha kutoka adhuhuri mpaka alasiri, muda mrefu kuliko ule ulioandikwa kitabuni, ili niwe na hakika. Nilikuwa nafurahi, mama mdogo. Kila mtu alikuwa anakimbia na mimi nilikuwa na kitu ninachokijua. Salme alikaa karibu yangu akaniuliza, "Vimekufa vyote?" Nikamwambia vyote. Nikampakulia yeye kwanza.

Yaliyofuata unayajua. Sote midomo na makoo yalituwaka, tukatapika, lakini sisi tulikuwa wakubwa kidogo, hata Abdirahim. Salme alishikwa na usingizi, asiamke. Uliporudi siku ya pili ulimuuliza Bibi, "Ulionja?" Akasema, "Sikuonja." Ulingoja aendelee, hakuendelea. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na sufuria, naisugua kwa mchanga. Niliisugua mpaka ukaondoka mbele yetu. Ningeweza kusema wakati ule. Ningeweza kusema kwenye mashua ya kwenda Kiunga, na hapa kambini siku ulipomwambia Bibi kwamba hutakula tena alichopika, na siku ulipoondoka kwenda Ulaya ukamuaga kila mtu isipokuwa yeye. Nimehesabu nafasi hizo, ni nyingi.

Kwanza nilijiambia kwamba huenda si ule mchuzi. Labda ni homa, labda ni maji. Nilishikilia hilo mpaka siku ya bakuli. Bibi hajasoma hata darasa moja, lakini lile ini lilikuwa jaribio kama majaribio tunayofundishwa: unajaribu kidogo, unangoja, unaona. Aliyekuwa anafanya sayansi pale Darakasi ni yeye. Mimi nilikuwa nakariri.

Kuna jambo la pili na hili ndilo linalonifanya nisiweze kukutazama hata kwenye picha. Fomu zilipofika nililiona jina langu, nikafurahi. Nilifurahi kwanza, halafu ndipo nikatafuta la Bibi. Na tangu Februari nimekaa nikijua kwamba nikisema kweli huenda jina langu likafutwa.

Futa jina langu uandike lake. Muda bado upo.

Khairat


Kambini, Mombasa
15 Septemba 1993

Kwa mama mdogo Mwanasiti,

Shikamoo. Sijapata jibu, na sistahili kudai. Naandika kwa sababu kuna jambo limetokea nyumbani na wewe ni mwenye haki ya kulijua.

Nilimwambia Bibi kwamba nimekuandikia yote. Nilidhani atalia, au atanikumbatia, sijui nilidhani nini. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Nani aliyekutuma?"

Nikasema hakuna.

"Kwa hiyo umekwenda kunishitaki kwa mwanangu kwamba mimi ni mtoto."

Nikamwambia hapana, nimemweleza kwamba kosa ni langu.

Akausukuma ungo. "Sikiza, Khairat. Pale mkubwa alikuwa nani? Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne na kitabu. Mimi nilikuwa na wajukuu na ini mkononi. Ningetaka kulila ningelila, ungenizuia na nini? Sikunyamaza ili nikufiche wewe. Mwanasiti aliniuliza kama nilionja, nikasema sikuonja, na hiyo ndiyo kweli. Nini tena cha kusema? Kwamba nilikuwa na njaa nami? Kwamba nilifurahi kusikia mjukuu wangu anajua kitu nisichokijua?"

Akasema, "Usinipokonye. Wewe chukua lako, na langu niachie."

Hajazungumza nami siku nne, ila kuniambia nikateke maji. Abdirahim ndiye anayepeleka maneno kutoka huku kwenda kule, na anayabadilisha njiani apendavyo. Jana aliniambia, "Bibi anasema nipewe sukari."

Mwisho wa Agosti umepita. Sijui ulifanya nini, wala siulizi.

Khairat


Rotterdam
3 Oktoba 1993

Khairat,

Barua yako ya Juni ilinifikia tarehe kumi na mbili Julai. Niliisoma nimesimama mlangoni, bado nimevaa buti za kazini. Nikampa Mahmoud, naye akaenda kuiweka mahali ambapo hataki kuniambia. Alisema nitaiomba nikitulia. Sijaiomba. Naijua kwa moyo.

Sitakuandikia kwamba nimekusamehe, kwa sababu sijui kama nimesamehe, na wewe umechoka na mambo yasiyokuwa kweli. Zipo siku nakukasirikia tangu asubuhi mpaka nivue buti. Zipo siku nakuona ulivyokuwa, miguu kama vijiti, na lile begi la vitabu ulilokataa kulitupa hata tulipokuwa tunaingia mashuani.

Nikuambie langu. Asubuhi ile nilipokuwa napanda mtumbwi Salme alinishika nguo. Nilimshika kidevu nikamwambia, "Msikilize Khairat, yeye amesoma." Sikumwambia amsikilize bibi yake. Kwa miaka miwili nimeikwepa kauli hiyo, na ili niikwepe ilinibidi niwe na mtu wa kumtazama kwa ubaya, na mama alikuwa karibu na hakujitetea.

Fomu nilizipeleka tarehe ishirini na saba Agosti, majina matatu. Yule mama wa ofisini aliuliza kwa nini mzee anaongezwa dakika za mwisho. Nilimwambia nilisahau. Alinitazama kama mtu anayejiuliza ni binti wa namna gani anayemsahau mama yake. Nilistahili. Jina lako sikulifuta. Usilichukue kama msamaha, wala usilichukue kama adhabu. Wewe ni wa nyumba hii, basi.

Sasa mkalie mama karibu umsomee yanayofuata, neno kwa neno, usitengeneze.

Mama, siku ile nilikuuliza kama ulionja. Silo nililotaka kujua. Nililotaka kujua niliogopa kuuliza, na nimeliogopa mpaka leo. Mwanangu alilala mikononi mwa nani? Aliniita?

Mwanasiti


Kambini, Mombasa
29 Oktoba 1993

Kwa mama mdogo Mwanasiti,

Shikamoo. Nimemsomea Bibi kama ulivyoagiza. Nilipofika mwisho aliniomba nirudie, nikarudia. Kisha akamtuma Abdirahim nje na kuniambia nishike kalamu, niandike polepole, nisipambe. Haya ndiyo maneno yake.

"Mwambie alilala kwangu. Mkono huu wa kulia, kichwa hapa, miguu kaikunja kama alivyozoea. Nilimfunika kwa leso yako ya buluu uliyoiacha. Hakuwa na maumivu mwisho, alikuwa na usingizi. Khairat alikuwa anatapika nje, hakuona, kwa hiyo asiulizwe yeye.

"Aliomba maji, nikampa, akanywa kidogo, mengine yakamwagika. Akaniuliza kama mtumbwi umerudi. Nikamwambia uko njiani. Akasema, vyema. Baada ya hapo hakusema."

Hapo nikamuuliza kama niandike kwamba Salme alikuita, maana kuuliza mtumbwi ni kama kukuita. Akasema, "Hakumwita. Aliuliza mtumbwi. Andika alivyouliza, mamake atajua mwenyewe."

Kisha akaniambia niendelee.

"Mwambie nilikuwa macho. Alipokata roho nilijua, sikuwa nimelala. Mwambie sikumwachia mchu mwingine kumwosha."

Amesema nisiongeze neno langu lolote chini ya haya, kwa hiyo naishia hapa.

Khairat